Kuku Wako Wapi? Sanaa ya Virusi Ikitazamwa Kutoka Ikutha

Neno "kirusi" tulilipata kwa ujanja wa sarufi. Neno la wageni lilikuja likiwa na "vi" mwanzoni, Kiswahili kikalisikia kama wingi, kama viti na vikombe, kisha kikalitafutia umoja ambao haukuwahi kuwepo: kirusi. (Kwamba Kirusi pia ni lugha ya Tolstoy, hilo tunauachia muktadha.) Neno geni likajipachika katika ngeli ya KI-VI, likawa linazaana humo kama lililozaliwa nyumbani. Liweke hilo akilini, msomaji, maana tutakutana tena na mgeni wa namna hiyo ndani ya tumbo la uzazi.

Ngeli nayo ina hukumu yake. Kiroboto huanza kwa ki-, lakini husemi "kiroboto kinaniuma", unasema "ananiuma". Vivyo hivyo kipepeo anaruka, kifaru amelala. Mnyama au mdudu akija na ki- yake, Kiswahili humwondoa kwenye kundi la viti na kumpa heshima ya A-WA. Kirusi hakikupewa heshima hiyo. Virusi vinaenea, vinaambukiza, vinabadilika, yote kwa vi-, kama vikombe kabatini. Wanasayansi bado wanabishana kama kirusi ni kiumbe hai, maana hakili, hakipumui, na nje ya seli ya mwenyeji wake hakifanyi lolote. Sarufi yetu haikungoja uamuzi wao.

Naanza na sarufi kwa sababu fikra ninazotaka kuzijadili zinataka mpaka huo, kati ya wenye a- na wenye ki-, uchunguzwe upya. Nitaziita fikra za baada ya ubinadamu. Jina linatisha kidogo, kana kwamba tumeshakufa na kuzikwa. Kinachosemwa ni cha kawaida zaidi: kwamba yule Mtu mwenye M kubwa, bwana wa viumbe, aliyejitenga na mnyama, mmea na mashine, hakuwahi kuwepo isipokuwa vitabuni, na kwamba sisi tunaotembea ni mchanganyiko wa vitu vingi vinavyotegemeana. Rosi Braidotti alitoa The Posthuman mwaka 2013. Donna Haraway, ambaye kwangu ndiye mwandishi mwenye ladha zaidi kati yao, alitoa Staying with the Trouble mwaka 2016. Wasanii nao wamo, wengine hata kabla ya vitabu hivyo, na tangu korona ije kazi zao zimetafutwa zaidi. Wanatuambia tuache kukitazama kirusi kama adui. Tukitazame kama jirani, au mgeni, au sehemu yetu wenyewe.

Nimekuwa nikiwasoma na kutazama kazi zao kwa simu, hapa Ikutha, kusini mwa Kitui, ng'ambo ya mto Athi ukitokea upande wa Makueni. Nakubaliana nao kwa mengi. Ila kuna kitu kinanikwaza: katika kazi nyingi za aina hii, kirusi na binadamu wako wawili tu chumbani. Kwetu hawajawahi kuwa wawili.

Kwanza niwape haki yao kuhusu vita. Machi 2020 Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, tuliingizwa vitani siku hiyo hiyo. Serikali ilikuwa na kaulimbiu yake, Komesha Corona, na kukomesha ni kitenzi cha mtu mwenye fimbo mkononi. Tarehe 27 mwezi huo kafyu ikaanza. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi jijini Nairobi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, polisi wakiwa barabarani kuisimamia kafyu. Ukishasema ni vita lazima pawe na askari, na askari hawezi kumlenga kirusi, hamwoni. Anayeonekana ni mtu aliyechelewa kufika nyumbani. Hapo wanafalsafa hawahitaji kunishawishi. Sitiari iliua.

Wakati huo huo, mjini Kitui, mafundi wa kiwanda cha nguo cha kaunti, KICOTEC, walikuwa wanashona barakoa. Hiyo haikuwa sitiari ya vita wala ya mapenzi, ilikuwa kitambaa. Kitambaa kinasema jambo ambalo kaulimbiu haikulisema: pumzi yangu haiishii kwangu.

Na kuna neno lingine ambalo tulikuwa nalo muda mrefu kabla ya vitabu nilivyovitaja. Ukimwi ulipoingia, mitaani ulipewa majina ya kukwepa. Mtu alikuwa "amekanyaga waya" au "ana mdudu". Kwa Kikamba ukaitwa muthelo, neno lenye kuisha ndani yake. Ndivyo ilivyokuwa: ukisikia fulani ana muthelo, ulihesabu miezi. Kisha dawa za kupunguza makali zikafika, na vikundi vya wenyewe walioathirika vikakataa kuitwa waathiriwa. Kwenye zahanati, kwenye mabango, redioni, tukaanza kusikia "watu wanaoishi na virusi". Kuishi na. Kutoka kuisha hadi kuishi, herufi moja tu. Mwalimu anayemeza dawa yake kila siku, ambaye virusi vyake vimepungua hadi kipimo hakivioni na hamwambukizi mwenzake, hana haja ya kufundishwa na mtu yeyote maana ya kukaa na tatizo bila kulimaliza na bila kumalizwa nalo. Haraway akija Ikutha angekuta kitabu chake kimeshaandikwa kwenye kadi za kliniki.

Fasihi yetu ilichelewa kidogo hapo. Maandishi mengi ya Kiswahili ya miaka ya 1990 yaliuandika ukimwi kama hukumu: kijana alikunywa, alizurura, akafa, nasi tukaonywa. Kuna moja ninayotaka kuitetea, hata kama wanafunzi wengi waliichukia kwa sababu ya mtihani. Ni tamthilia ya Orodha ya Steve Reynolds, iliyochapishwa 2006 na kusomwa sana kwenye shule za sekondari Tanzania. Binti, Furaha, anakufa kwa ukimwi na kuacha barua inayosemekana ina orodha, isomwe siku ya mazishi yake. Wakubwa wa kijiji wanatetemeka, kila mmoja akiogopa jina lake limo, wanahangaika barua isifunguliwe. Ikisomwa, si majina ya watu kabisa. Ni orodha ya mambo ambayo yangeweza kumwokoa. Wahakiki wengi huishia hapo, kwenye funzo. Mimi napenda kinachotokea kabla. Kwa muda wote ule kirusi hakionekani jukwaani, hakina mstari hata mmoja, lakini ndicho kinachowasukuma wahusika wote. Kimeuchora mtandao wa nani alikuwa na nani, mtandao ambao kijiji kizima kilikubaliana kutouona. Sijui kama mwandishi alikusudia, lakini mhusika mkuu wa tamthilia hiyo hajawahi kuwa binadamu.

Basi, twende kwenye sanaa yenyewe.

Luke Jerram ni Mwingereza aliyeanza mwaka 2004 kutengeneza sanamu za virusi kwa kioo. Kuna kirusi cha ukimwi, cha ndui, cha mafua ya nguruwe. 2020 akaongeza cha korona. Sababu yake ya kuchagua kioo ni nzuri sana. Virusi ni vidogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga, kwa hivyo havina rangi. Ule mpira mwekundu au wa kijani wenye miiba tuliouona kwenye runinga, na ambao vijana waliuchora kwenye kuta za Mathare na Kibera wakihimiza watu wanawe mikono, umepakwa rangi na sisi, tena rangi ya kutisha. Jerram anaondoa rangi na hofu inaondoka nayo. Kinachobaki ni kitu kama taa ya harusi.

Jirani yangu, mama mmoja anayechanja kuku hapa kijijini, nilimwonyesha picha hizo kwenye simu. Akazitazama vizuri, akazikuza kwa vidole viwili.

"Hii ni ya kioo kabisa?"

"Kioo kabisa, mama."

"Ni maridadi." Akanirudishia simu. "Na kuku wake wako wapi?"

Sijasoma uhakiki wa Jerram unaoshinda huo. Sanamu zile zimetuonyesha kitu ambacho hakipo popote duniani: kirusi kikiwa peke yake. Kimetolewa kwenye damu, kwenye kamasi, kwenye jicho la kuku, kikasafishwa, kikawekwa mezani chini ya taa. Lakini kirusi bila mwenyeji hakina la kufanya. Hata kukiita kirusi ni kukikopesha uhai wa mwingine. Kwa Kiswahili neno mwenyeji lina maana mbili ambazo hapa zinakutana vizuri: seli inayokaliwa, na mtu anayekukaribisha kwake. Jerram amemchonga mgeni na kumfuta mwenyeji.

Mama yule anajua anachokisema. Kila mwaka, hasa miezi ya upepo, kideri hupita. Asubuhi kuku mmoja amesinzia, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani; jioni watano; wiki ikiisha banda ni tupu. Kideri ni kirusi, kile ambacho vitabu vya Kiingereza vimekipa jina la mji wa Newcastle. Katika nchi kame kama hii, ambako mahindi hukubali mwaka mmoja na kukataa miwili, kuku ndio benki ya mwanamke. Anauza watatu, mtoto anarudi shule. Anauza mmoja, anakwenda hospitali na boda boda. Ukimwambia mtu aliyezika kuku ishirini kwamba kirusi ni jirani mwenzake, atakutazama kwa adabu, kisha ataendelea na kazi.

Lakini kazi yenyewe ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Anachofanya ni hiki: jioni kuku wakishalala, anapita nyumba hadi nyumba na kichupa, anamshika kuku mmoja mmoja, anamdondoshea tone moja jichoni. Ndani ya tone lile mna kirusi cha kideri. Kizima. Ni cha aina isiyo na makali, kinachozaana ndani ya kuku bila kumuua na kumwachia kinga. Yaani anaambukiza. Usiku mzima anatembea akiambukiza kuku wa wenzake kirusi kwa makusudi, nao wanamshukuru na kumlipa shilingi kadhaa.

Kuna msanii kutoka Taiwan, Pei-Ying Lin, ambaye ameshughulika na jambo hili hili. Mradi wake Virophilia ni kama kitabu cha mapishi cha wakati ujao, ambapo watu wanaalikwa mezani wafikirie kula vyakula vyenye virusi, virusi viwe viungo, kama pilipili. Kuna mradi wake mwingine unaouliza kama kirusi kinaweza kufugwa, na katika kufuga, nani anamfuga nani. Nauona ni werevu, na swali lake la kufuga ndilo swali sahihi. Ila ni meza ya wageni waliokuja kwa hiari na watakaorudi nyumbani wameshiba. Ufugaji wa virusi umeshafanyika tayari, kwa kiwango kikubwa, na sehemu yake kubwa kabisa imefanyika hapa Kenya, na hakuna aliyeuita sanaa.

Nataka kuizungumzia sotoka. Vijana wengi siku hizi hawalijui neno hilo, na hiyo yenyewe ni habari.

Sotoka ilikuwa ugonjwa wa ng'ombe, wa kirusi, uliotua upande wa Bahari ya Shamu miaka ya mwisho ya 1880 na kushuka Afrika Mashariki kufikia 1890 na 1891. Uliua ng'ombe hadi wafugaji wakabaki na fimbo tu. Uliua nyati, uliua pofu. Mifugo na wanyama wa kula majani walipokwisha, vichaka vikaota palipokuwa malisho, na mbung'o wakafuata vichaka. Hapa Ukambani mwisho wa miaka hiyo ya 1890 ikaja Yua ya Ngomanisye, njaa iliyofika kila mahali, na ndui juu yake. Susu wangu hakuiona, ilikuwa kabla yake, lakini aliisimulia kama mtu aliyeiona, akitaja miaka kwa njaa zake kama wengine wanavyotaja kwa marais. Katika masimulizi hayo hukuweza kuchora mstari kati ya historia ya watu, ya ng'ombe, ya nyasi na ya kirusi. Ilikuwa hadithi moja yenye wahusika wengi, wengine wakiwa na a-, wengine na ki-.

Sasa sikiliza ilivyokwisha. Huko Muguga, nje kidogo ya Nairobi, kwenye maabara ya utafiti wa mifugo ya Afrika Mashariki, daktari wa mifugo Mwingereza aitwaye Walter Plowright alichukua na wenzake, kuanzia miaka ya mwisho ya 1950, kirusi cha sotoka na kukipitisha kwenye seli za figo za ndama, kutoka kizazi cha seli hadi kingine, karibu mara 90. Kila kilipozoea maisha ya chupa, kilisahau kidogo jinsi ya kuua. Mwishoni kilikuwa kirusi kile kile, hai, chenye kumwingia ng'ombe na kumwachia kinga ya maisha, bila kumdhuru. Aina waliyoanza nayo ilikuwa inaitwa Kabete O, kwa jina la Kabete yetu hii. Mwaka 1999 Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka imekwisha, ugonjwa wa pili kutokomezwa katika historia baada ya ndui, ambayo ilitangazwa kwisha 1980.

Watu husema "tuliishinda sotoka". Ukiyatazama mambo yalivyokwenda, kirusi cha Kabete kilichofugwa ndicho kilichokifungia mlango ndugu yake mkali. Na kilipelekwa huko kwa miguu: wafugaji wenyewe walifundishwa kuchanja, kwa chanjo iliyotengenezwa baadaye isiyodai barafu kila hatua, na maarifa yao ya kuutambua ugonjwa, majina yao ya dalili, kumbukumbu yao ya ng'ombe gani walikufa msimu upi, ndiyo yaliyowaonyesha madaktari mahali kirusi kilipojificha. Hilo ndilo ningependa wasanii wa baada ya ubinadamu walitazame zaidi ya chakula cha jioni.

Kuna sura moja ya hadithi hii iliyotokea karibu na mlango wetu. Tsavo Mashariki iko kusini yetu. Ikutha tunaijua mbuga hiyo kwa tembo wanaovuka na kumaliza kunde. Katikati ya miaka ya 1990 nyati wa Tsavo walianza kufa, na tandala wadogo wakaonekana wakitembea wakigonga miti, macho yamepofuka. Ilikuwa sotoka, miaka ambayo wengi walidhani imeshatoweka Kenya. Ilitoka wapi? Ilikuwa ndani ya ng'ombe. Aina iliyokuwa ikizunguka upande wa mashariki na kuvuka hadi Somalia ilikuwa imepoa sana kwenye ng'ombe, homa kidogo, machozi kidogo, mfugaji angeweza asiione kabisa. Ikiingia kwa tandala inampofusha na kumuua. Ndani ya ng'ombe kirusi na mwenyeji walikuwa wameshazoeana, na mazoea yao yakalipiwa na mnyama wa tatu ambaye hakuwepo kwenye makubaliano.

Ninapomsoma mtu akisema tujifunze kuishi kwa upole na virusi, huyu tandala hunijia kila mara. Upole wa nani, na kwa gharama ya nani? Ng'ombe wa wakati ule alikuwa mfano kamili wa kuishi na kirusi. Na ni tandala, kwa macho yake, aliyewaambia madaktari wa mifugo kwamba kirusi bado kipo. Wa mwisho kabisa kujulikana duniani waliougua sotoka walikuwa nyati wa mbuga ya Meru, 2001, kaskazini mwetu. Hawakuwa na jina, hawana sanamu.

Kazi moja ya sanaa ninayoiona inaelewa jambo hili ni ya Mmarekani Caitlin Berrigan, na ni ndogo. Berrigan ana homa ya ini aina ya C. Mwaka 2007 alifanya kazi aliyoiita Life Cycle of a Common Weed. Anatoa damu yake mwenyewe, yenye kirusi, anaimwagia kama mbolea kwenye yale magugu ya maua ya manjano yanayoota kwenye nyufa za lami kote Ulaya na Marekani. Damu ina naitrojeni, magugu yanastawi. Na mizizi ya magugu hayo ndiyo dawa ya mitishamba anayoitumia kwa ini lake. Damu inayoweza kumdhuru mtu, kwa mmea ni chakula. Hapa wako watatu, si wawili, na kila mmoja anajulikana anapata nini na anatoa nini. Mama wa kuku angeielewa bila maelezo. Kazi ile haikwambii ukipende kirusi, wala yeye hajifanyi kwamba hauguzwi nacho.

Karibu na nyumbani, mtu angetarajia nimtaje Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi 1972, na nitamtaja, ingawa kazi yake haihusu virusi moja kwa moja. Ana mfululizo wa kolaji wa mwaka 2006, Histology of the Different Classes of Uterine Tumors, ambapo amechukua kurasa za zamani za kitabu cha udaktari zenye michoro ya uvimbe wa tumbo la uzazi, na juu yake akabandika vipande vya picha za magazeti hadi zikawa nyuso za wanawake. Mchoro wa ugonjwa unakuwa shavu, unakuwa paji. Ukizitazama huwezi kusema mwanamke anaishia wapi na uvimbe unaanzia wapi, na huwezi kusema ni mrembo au anatisha.

Tumbo la uzazi ndipo hasa pa kuyatazama mambo haya. Saratani ya mlango wa uzazi huletwa na kirusi. Ndiyo maana tangu Oktoba 2019 wasichana wa miaka 10 nchini Kenya wanachanjwa. Na papo hapo, ndani ya tumbo hilo hilo, kondo la nyuma linajengwa kwa msaada wa kirusi. Sitii chumvi. Karibu asilimia 8 ya vinasaba vya binadamu ni mabaki ya virusi vilivyowaingia mababu zetu zamani sana, vikajipachika, vikarithiwa. Jeni moja kati ya hizo, iliyotoka kwa kirusi zaidi ya miaka milioni 25 iliyopita, ndiyo inayotengeneza protini ya kuunganisha seli za kondo kuwa ngozi moja kati ya mama na mtoto. Kirusi kilikuwa kinaitumia kuingia kwenye seli; mwili umeichukua kumlishia mtoto. Jambo hilo liliripotiwa mwaka 2000, na bado nadhani hatujalisema vya kutosha kwa Kiswahili. Kama kile kirusi cha kwanza kisingeingia, sijui tungezaliwaje. Ni lile neno geni na ngeli yake, ila hapa linazaa watu.

Nikilinganisha, Mutu ananipa sura ya jambo hilo, Jerram ananipa umbo. Nitachukua sura.

Surua pia imo katika ukoo huu. Kirusi chake na cha sotoka ni watoto wa babu mmoja. Utafiti uliochapishwa 2020 unakadiria kwamba huenda walitengana mapema hata karne ya 6 kabla ya Kristo, tulipokuwa tumeshazoea kuishi mjini kwa wingi na ng'ombe karibu. Mtoto wa Ikutha anayepelekwa zahanati kuchanjwa surua (Waswahili wa zamani waliiita ukambi, na Wakamba tusiichukulie vibaya) anachanjwa dhidi ya binamu wa ugonjwa wa ng'ombe wa babu yake. Chanjo yake nayo ni kirusi hai kilichofugwa.

Na sotoka yenyewe, iko wapi sasa? Baada ya 2011 ilibaki kwenye majokofu ya maabara. Nchi moja moja zikaombwa ziteketeze zilicho nacho. Mwaka 2019 taasisi ya Pirbright, Uingereza, iliteketeza akiba yake, sampuli zaidi ya 3,000, lakini kabla ya kuteketeza walisoma vinasaba vyake na kuviandika. Karibu herufi 16,000 kwa kila kirusi, za alfabeti yenye herufi nne. Kwa hivyo sotoka sasa ni maandishi. Kwa mhakiki wa fasihi hilo linasisimua na linatia wasiwasi kwa pamoja: kiumbe, kama ni kiumbe, ambaye amechomwa mwili akabakizwa matini, na matini yake yanaweza kusomwa na yeyote mwenye kompyuta bila ng'ombe hata mmoja kuugua.

Sijaona msanii aliyeyagusa maandishi hayo. Ningependa ayaguse mtu wa hapa, na asiyaweke peke yake chini ya taa. Ayaweke na fuvu la tandala, na kengele ya ng'ombe, na kichupa cha matone ya macho, na mama yule akiwepo siku ya kufungua maonyesho ili aulize atakachouliza.

Si kila kitu kilichomwa. Mbegu ya chanjo imehifadhiwa kwenye maabara chache zilizoruhusiwa, iwapo ugonjwa utarudi. Moja iko Bishoftu, Ethiopia, chini ya Umoja wa Afrika. Humo ndani ya baridi kali, kwenye vichupa vilivyofungwa na kuhesabiwa, kumelala kizazi cha Kabete O.